Barua ya Mama Consolée

Mama Consolée, mshonaji wa mji wa Kabambare, alirudi kwenye ofisi ya serikali mara ya tatu na barua ileile. Wanawake wa soko walikuwa wamemtuma. Daraja la njia ya kwenda Wamaza lilikuwa limebomoka, mihogo inaoza ng'ambo, nao walitaka kuandamana siku ya Alhamisi.

"Ruhusa iko wapi, Mama?" akauliza Christophe, karani, bila kuinua macho.

"Chef, mkubwa wangu, barua yangu haiombi ruhusa. Inakujulisha tu."

"Mama, inchi hii iko na sheria!"

"Ndiyo maana nimekuja nayo." Akatoa Katiba mkobani, kitabu kilichochakaa pembe, akafungua ibara ya ishirini na sita. Akaweka kidole chini ya mstari.

Christophe alisoma mara mbili. Ibara ilisema maandamano ni haki, anayeyaandaa awajulishe wakubwa kwa maandishi. Miaka yote yeye alikuwa akidai ruhusa, kwa sababu aliyemtangulia naye aliidai.

"Sawa," akasema, akijikuna shingo. "Lakini mbele ya hospitali, ngoma hapana. Kuna wagonjwa."

Consolée alikuwa amejiandaa kubishana mpaka jioni. Ila aliwahi kulazwa pale, kichwa kikimpasuka, vijana wakipiga muziki barabarani.

"Hiyo nakubali, Chef. Iandike, kisha piga muhuri."

Alhamisi walitoka sokoni zaidi ya mia, Waislamu na Wakristo, ngoma mbele. Mounira, muuza samaki, aliimba mpaka sauti ikakauka. Kwenye njia panda polisi wawili wakawazuia. Consolée akawapa barua. Mkubwa wao akautazama muhuri, akaigeuza karatasi, akautazama tena.

"Basi piteni upande wa kuume," akasema, na yeye mwenyewe akatangulia kuzisimamisha pikipiki za barabarani.

Walipofika hospitalini, ngoma zikanyamaza. Wanawake mia wakatembea kwa ncha za vidole kama wanaoiba kuku. Mounira akajiziba mdomo kwa kitenge, mabega yakimcheza kwa kicheko, na wengine wakaambukizwa. Wagonjwa wakatoka barazani kuona kimya hicho ni cha nini. Walipojua, wakapiga makofi na vigelegele, mmoja akigonga sahani kwa kijiko. Wao hakuna barua iliyowakataza.

Consolée aliwapungia mkono huku machozi ya kucheka yakimtoka.

Daraja halikujengwa kesho yake. Zilipita wiki tatu, mbao zikaletwa, na vijana wakazipigilia mpaka pikipiki ikaweza kupita na magunia mawili. Wanawake walisema bado, watarudi kudai la chuma.

Mwezi uliofuata, waendesha pikipiki watano walisimama mlangoni kwa Consolée, kofia mkononi. Wao nao walikuwa na jambo la kuandamania, lakini hawakujua barua inaanzaje.

"Ingieni," akawaambia, akisogeza vitambaa mezani. "Mwenye mwandiko muzuri ni nani?"