Seli Nilizozisalimia

Mwanga kwanza. Mwanga mweupe wa hadubini, duara dogo kama kisahani cha chai, na ndani yake wewe, mama, miaka sita baada ya kukuzika.

Madaktari walikata kipande cha uvimbe wako, nami nikakiomba, nikaziotesha seli zake maabara. Kila asubuhi nilifungua kabati la joto nikasema, "Shikamoo, mama." Fundi wa maabara alicheka: "Siku akiitikia, dada, mimi naacha kazi." Nilikulisha kila baada ya siku mbili. Ulikula, ukagawanyika, ukajaa, wewe uliyekufa ukiwa huwezi hata kumeza kijiko cha maji. Nilifurahi mno.

Nikaandika makala juu ya seli zako. Jarida likaichapa, wenzangu wakaisoma.

Maabara nyingine ikaomba seli hizo, ikazipima, ikarudisha jibu. Fundi alilisoma kabla yangu, na hakucheka. "Dada," alisema, "huyu si mama yako. Ni mwanamke mwingine. Alikufa kabla hujazaliwa."

Seli za mwanamke huyo hazikomi kugawanyika, nazo hufugwa maabara nyingi duniani. Hata sisi tulikuwa nazo, rafu ya chini yako. Siku moja, mwaka ule wa kwanza, nilimlisha yeye, kisha nikakulisha wewe kutoka chupa ileile. Tone moja lenye seli zake lilitosha. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu aliingia, mwenyeji akaisha. Nami asubuhi kwa asubuhi nilikuwa naita mama, na yeye kimya, anakula.

Miaka yote hiyo nimemwamkia nani?

Kilibaki kichupa kimoja cha siku ya kwanza, kilichogandishwa kabla ya kosa langu. Nilikiyeyusha, nikakuweka kabati la joto. Siku ya tatu nikatazama: mwanga, na maganda matupu yakielea. Umekufa mara ya pili, mama, na safari hii mkono ni wangu. Nililia nimevaa glavu, nisiweze hata kujifuta.

Barua ya kuifuta makala nimeshaituma. Leo asubuhi nilikwenda kummwaga mgeni. Nikamtazama mara ya mwisho: duara lilelile, mwanga uleule, amejaa hadi ukingoni, hana pa kusogea. Siku yake ya kula ilikuwa jana.

Dawa ya kumuulia nilikuwa nayo mkononi. Lakini huenda naye alikuwa na binti, na binti huyo hakupewa hata kipande.

"Shikamoo," nikasema, nikafungua chupa mpya ya chakula.