Witiri na Shufwa

Godoro lilikuwa limeshatoka, na sasa kitanda kilikuwa kimekwama kwenye kona ya ujia, miguu miwili saluni, miwili bado chumba cha uani. Mdogo mtu alikuwa anasukuma, mwenye mkokoteni anavuta, na kinyozi, kaka mtu, alikuwa anamnyoa mteja ndevu kana kwamba hakuna anayehama. Kitanda kilipopita nyuma ya kiti kilikwaruza rangi ya ukuta. Kinyozi akafuta wembe kwenye taulo.

"Usigeuke," alimwambia mteja. "Ni upepo tu."

"Upepo wenye kitanda?"

"Upepo wa nyumba hii hubeba kila kitu isipokuwa aibu."

Mdogo mtu alisikia, maana lilisemwa asikie. Akarudi ndani kuchukua kitu cha mwisho, tableti yake yenye gamba jeusi, akaibana kwapani na kusimama mlangoni.

"Shemeji, kwa heri," alimwambia mke wa kinyozi aliyekuwa anafagia nywele. Halafu, bila kumtazama kaka yake: "Maktaba yangu hii hapa, kwapani. Haina vumbi wala mende. Mwenye kupenda mende abaki nao."

"Mende angalau hawahami," kinyozi akamwambia mteja.

Mkokoteni ukaondoka. Hivyo ndivyo ndugu wawili walivyoagana.

Baba yao naye alikuwa kinyozi, katika saluni hiyo hiyo, na ndiye aliyeanza kununua vitabu vya katuni ili wateja wanaosubiri wasichoke. Alivipenda kuliko wateja. Vyote vilikuwa vya mtu mmoja, Sajini Mbio, polisi mrefu mwenye masharubu aliyewindwa tangu toleo la kwanza hadi la mwisho na Daktari Nge, mtu mwenye koti la kijani na roho mbaya. Kila toleo liliishia Sajini akiwa katika shida: kafungwa kwenye pipa, kazungukwa na moto, katupwa kisimani. Chini ya picha ya mwisho liliandikwa neno moja, *Itaendelea*. Baba alisoma kwa sauti, mtoto mmoja goti hili, mwingine goti lile, na akifika kwenye neno hilo alifunga kitabu, akapiga kofi jalada na kupaza sauti: "Anayefuata!" Mteja aliyefuata aliketi kitini, na watoto walibaki na Sajini wao kisimani mpaka siku nyingine.

Baba alipofariki, watoto walikuwa watu wazima wenye vitambi, na hawakugombea nyumba. Waligombea vitabu. Kugawa rundo katikati kulishindikana, kwa sababu kila mmoja alitaka nusu yenye mwanzo. Akaitwa mjomba wao, karani wa mahakama aliyestaafu, aamue. Mjomba alitafakari, akanywa chai, akatoa hukumu: mkubwa achukue namba witiri, moja, tatu, tano na kuendelea, mdogo achukue shufwa, mbili, nne, sita. Alidhani watu wenye nusu nusu watalazimika kuazimana, na wakiazimana watazungumza. Mjomba alikuwa na akili nyingi za mahakamani na chache za nyumbani.

Hawakuazimana. Mkubwa aliweka zake kwenye kabati la saluni, mdogo kwenye kabati la chumba cha uani. Mmoja alijua jinsi Sajini alivyotumbukia kisimani, mwingine jinsi alivyotoka, na katika toleo linalofuata ikawa kinyume. Wote wawili walikuwa wamesikia hadithi nzima utotoni, lakini walishasahau, na kila mmoja alikuwa radhi kusahau kuliko kuuliza.

Watu wa ndani ya vitabu hawakuhudhuria kesi, kwa hiyo hukumu haikuwahusu. Kila magharibi toleo moja lilikwisha, na waliokuwamo walishuka kabatini, wakavuka ujia na kuingia toleo linalofuata kwenye kabati la ndugu wa pili. Kesho yake walirudi. Walinuka wino. Mke wa kinyozi hakuwa na neno nao, ila aliwataka wafute miguu, kwa sababu Sajini aliacha nyayo za bluu sakafuni na bluu ile haikutoka hata kwa sabuni ya unga. Sajini alifuta. Daktari Nge hakufuta, lakini yeye ndivyo alivyochorwa.

Kisha mdogo mtu, aliyekuwa fundi wa simu, akajipatia skana.

Alianza na namba mbili. Taa ilipita juu ya ukurasa, picha ikaingia kwenye tableti, na karatasi ikabaki nyeupe. Akaendelea hivyo mpaka kabati likawa la karatasi nyeupe tupu, akazipeleka kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako mwenye duka alizisokota na kufungia misumari. Alizisifu kwa usafi. Skana ile ilikuwa fupi kidogo, haikufika ukingo wa chini wa ukurasa, kwa hiyo neno *Itaendelea* halikuchukuliwa. Lilibaki kwenye karatasi, likaenda na misumari. Watu wa vitabu waliendelea kuvuka ujia, ila sasa zamu ya shufwa waliingia kwenye tableti.

Mdogo mtu hakujali. Alikuwa ameshaonja kitu kingine. Alipakia katuni zake kwenye mtandao, sehemu moja ambayo kila aliyepakia alipewa za wenzake, akapata matoleo ya Sajini Mbio na ya wengine asiowajua, yenye lugha asizozisoma. Alikusanya mchana kucha. Zamani alikuwa na kabati moja na alilisoma. Sasa alikuwa na makabati yasiyo na idadi na kazi yake ikawa kuyapanga. Ukimuuliza katuni fulani inahusu nini, alikuambia ina ukubwa gani.

Siku aliyohama ilikuwa zamu ya toleo la daraja. Hilo lilikuwa witiri, la kinyozi. Mwishoni mwake Sajini ananing'inia kwenye daraja kwa vidole, na Daktari Nge yuko juu, kainua kiatu avikanyage. *Itaendelea*. Magharibi ilipofika, wawili hao walishuka kabatini, wakafuta miguu, yaani mmoja alifuta, wakaenda uani. Walikuta sakafu iliyofagiwa na alama ya mahali lilipokuwa kabati. Wakasimama kidogo. Kisha wakarudi saluni, na kwa kuwa Sajini kwa wakati huo alikuwa mtu wa kuning'inia, alitafuta pa kuning'inia. Alichagua boriti iliyo juu ya kiti cha kunyolea. Daktari Nge akapanda juu ya boriti, akachuchumaa, akainua kiatu.

"Mtakaa hapo?" kinyozi akauliza.

Kiputo cheupe kikatoka mdomoni mwa Sajini, kikagonga kioo. Kiliandikwa: *Vidole vyangu vinateleza!*

Ndilo neno alilokuwa nalo.

Wateja walizoea. Mwanzoni waliinamisha vichwa wakikaa, baadaye wakaacha. Waliolalamika walilalamikia kiputo, kwamba kinaziba kioo na mtu haoni anavyochongwa kisogoni. Daktari Nge naye, mguu juu, alikuwa anachoka, na mke wa kinyozi alimwekea tofali apumzishie goti. Lakini vidole vya Sajini kweli vilikuwa vinateleza. Kinyozi aliviona kila asubuhi akifungua mlango. Jana vilishika mpaka kiungo cha pili, leo ncha tu. Wino ulianza kumchuruzika mabegani na kudondokea taulo safi. Vikiachia, hakuna toleo la kumpokea. Na kinyozi, aliyemkosea heshima karibu kila mtu wa mtaa ule, hakuweza kustahimili hilo.

"Mfuate ndugu yako," mke wake alimwambia. "Akuonyeshe ukurasa unaofuata, Sajini ashuke."

"Nimfuate mimi? Mimi ndiye mkubwa."

"Basi mkubwa, kaa. Na akimwangukia mteja, utamweleza kwamba wewe ndiye mkubwa."

Akaenda. Mdogo mtu alikuwa amepanga chumba ghorofani, chumba chenye kitanda, kiti, soketi, na hakuna kingine. Alifungua mlango, akamtazama kaka yake toka viatu mpaka kofia.

"Nani kafa?"

"Bado. Nionyeshe toleo linalofuata daraja. Ukurasa wa kwanza tu. Nataka kujua alishukaje."

"Ahaa! Karatasi imeshindwa, umeikumbuka tableti." Mdogo mtu akakaa kitandani. "Na mimi nataka kitu. Nipe namba moja niiskani."

"Namba moja ni yangu. Mjomba aliamua."

"Kabla ya kuamua, mjomba aliuliza nani anataka witiri, na wewe ukainua mkono kabla hajamaliza. Ulijua moja ni witiri. Mimi nilikuwa sijui hata maana ya neno. Miaka yote hii nimekaa na hadithi isiyo na kichwa."

"Ungekwenda shule ungejua."

"Tulikwenda wote, kaka. Wewe ulikuwa unaniibia kalamu."

Walitukanana kwa muda, matusi ya zamani yaliyokwisha makali, kama watu wanaosoma orodha ya bidhaa. Kinyozi akaondoka bila kuaga. Siku chache baadaye alirudi, amechukua namba moja ndani ya bahasha ya kahawia, kifuani, chini ya shati. Ilikuwa na alama ya kidole cha baba yao kwenye jalada, ya mafuta ya kunyolea.

"Chukua," akasema. "Uitazame ikusute."

Mdogo mtu hakushukuru. Taa ya skana ikapita ukurasa kwa ukurasa. Sajini kijana, mwenye masharubu membamba, siku yake ya kwanza kazini, aliinuka kutoka kwenye karatasi akaingia nyuma ya kioo cha tableti, akagonga mara moja kwa ndani, akatulia. Karatasi zikawa nyeupe. Jalada nalo likawa jeupe, na kidole cha baba kikaenda pamoja na picha. Chini ya ukurasa wa mwisho likabaki *Itaendelea*.

"Haya. Daraja," kinyozi akasema.

Mdogo mtu akapakia namba moja, akafungua safu ya shufwa, akagusa toleo lenyewe. Tableti ikafikiri. Kisha ikaandika: *Maudhui haya hayapatikani tena. Asante kwa kuwa nasi.* Akagusa jingine. Ikaandika vile vile. Akagusa namba moja, aliyoiingiza muda huo huo, nayo ikamshukuru kwa kuwa nao. Mwenye haki za Sajini Mbio, kampuni fulani ya mbali, alikuwa ameyakuta matoleo mtandaoni na kuyaondoa yote.

Kinyozi alikaa kwenye kile kiti kimoja.

"Mimi mende wangu hawajawahi kunishukuru," akasema.

Mdogo mtu aliinamia tableti. Aligusa, akagusa, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

"Basi nieleze kwa mdomo," kinyozi akasema. "Ukurasa uliuona wakati unauskani. Alishukaje?"

Mdogo mtu aligusa mara moja ya mwisho. Kisha akasema, akiitazama tableti:

"Hakushuka. Alipandishwa. Nge alimpa mkono."

"Nani?"

"Nge. Alishusha mguu, akanyoosha mkono, akamvuta juu. Akamwambia, *Ukifa nitamwinda nani?* Wakakaa darajani wakipumua. Baba alikuwa anacheka sana akifika hapo. Hukumbuki?"

Ilikuwa kweli. Ndivyo toleo lilivyoanza, na ndivyo baba alivyokuwa akicheka. Kinyozi alimtazama mdogo wake machoni, kwa mara ya kwanza tangu hukumu ya mjomba.

"Muongo," akasema.

"Haya."

"Adui hampi mtu mkono. Umeitunga hapa hapa, nikaiseme saluni nichekwe."

"Haya, kaka. Mwache aning'inie."

Kinyozi akakusanya karatasi zake nyeupe, akazirudisha ndani ya bahasha, akaenda zake. Mke wake alimuuliza amejibiwa nini. Akasema hakujibiwa la maana. Juu ya boriti Daktari Nge aligeuza shingo, goti bado juu ya tofali, akasubiri kama kuna neno lake. Hapakuwa na neno lake. Kinyozi akafunga shuka shingoni mwa mteja.

Tangu jioni hiyo kiputo cha Sajini kilibadilika. Kwa kuwa mwanzo wake ulikuwa umeondolewa, hakujua tena yeye ni nani wala kwa nini ananing'inia. Kiputo kikaandikwa: *Samahani, hapa ni wapi?* Kilikuwa kifupi kuliko cha kwanza na hakikuziba kioo, kwa hiyo wateja walishukuru. Na mtu asiyejua kwa nini anashikilia hana haraka ya kuachia: vidole viliacha kuteleza.

Mjomba alifariki akiamini kwamba alisuluhisha. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Majirani wa nyumba ile walilima, wakapalilia, na kapu halijatoka ukutani mpaka leo. Mdogo mtu alinunua tableti kubwa zaidi na anakusanya upya. Akiulizwa ndugu, husema hana. Mwenye duka la vifaa alimaliza karatasi nyeupe, akarudia magazeti. Mke wa kinyozi alinunua misumari ya mwisho iliyofungwa kwenye zile nyeupe, akakunjua, akakuta *Itaendelea*, akaweka karatasi chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Daktari Nge ameota kigimbi upande mmoja tu. Kinyozi bado ananyoa. Ukiingia saluni, makoti yanatundikwa kwenye buti za Sajini, ya kulia kwa wazee, ya kushoto kwa wengine, na ukimaliza, kinyozi hupiga kofi mgongo wa kiti na kuita: "Anayefuata!" Sajini huinua kichwa kila mara, halafu mteja mwingine huketi.