Senene wa Kwenye Rejeta

Siku Projest alipokuja kumfuata mke wake, mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya mgomba. Msinicheke. Kwetu mama mkwe na mkwe wake hawatazamani usoni, na heshima hiyo sikuiacha hata siku niliyotamani kumrushia kijana yule jembe.

Binti yangu Deodatha alikuwa amerudi kwetu Chonyonyo tangu senene wa kwanza, wale panzi wa msimu tunaowala, waonekane, akamwacha mumewe Projest kule Kituntu. Wengine waliiona sababu yake ndogo. Mwaka uliotangulia, mwaka themanini na sita, aliamka kila alfajiri kama wake wote wa huku, akaingia kwenye nyasi zenye umande kumwokotea mume senene. Akawanyonyoa mabawa na miguu, mmoja mmoja, akawakaanga mpaka wakajaa chungu. Enzi hizo mwanamke hakula senene. Aliokota, akampa mume, na mume akamnunulia kitambaa cha gauni. Sasa Projest, ambaye ni dereva wa pikapu, alikibeba chungu chote mpaka Omurushaka, akawagawia madereva wenzake hadi kikabaki kitupu. Yeye hakuonja. Kitambaa alileta, tena kizuri, lakini Deodatha alipozipata habari zile sokoni, hakukishona, na msimu uliofuata hakutaka kumwokotea tena.

"Angekula hata mmoja tu, mama," aliniambia. "Mmoja."

Nilimwelewa. Na nilifurahi pia, kwa sababu mgongo ulikuwa unanisumbua, na nyumba bila yeye ilikuwa imepoa mno. Nilitaka abaki.

Projest alifika asubuhi amevaa shati la kanisani. Alikuwa ametoka kwake na pikapu kungali giza, taa za gari zimewaka, na senene wanavyopenda taa! Akainama mbele ya mume wangu Kashaija.

"Shikamoo, baba. Nimemfuata mke wangu."

"Marahaba. Ulimkosea nini?"

"Sijui, waitu, baba yangu. Kama ni kitambaa, nimeleta kingine."

Jamani, mtu mzima na akili zake! Deodatha alikuwa jikoni, akasikia. Akachungulia mlangoni.

"Kitambaa wapelekee waliokula senene wangu," akasema, akarudi ndani.

Kashaija akakohoa kidogo. "Umesikia, mwanangu. Nenda. Akitaka kurudi, atakuja mwenyewe."

Projest akaingia garini, akageuza. Hata kwenye kona ya shamba hakufika. Mvuke ukaanza kutoka mbele ya gari kama sufuria ya ndizi iliyosahaulika motoni. Akashuka, akafunua boneti, na mimi nikasogea mgomba wa karibu zaidi ili nione vizuri. Rejeta, lile dude la mbele linalopoza maji ya injini, lina vibati vyembamba vilivyobanana, na hewa hupita katikati yake. Siku hiyo hewa ingepitia wapi? Kuanzia juu mpaka chini palikuwa senene watupu, wamekwama na mbegu za majani, wengine nusu wameiva.

Injini ilipopoa kidogo, Projest akachukua waya chini ya kiti, akaanza kuchokonoa kwa hasira. Vibati vikaanza kulala. Mimi kusema naye siwezi, basi nikamgeukia mbuzi wangu.

"Mbuzi, mwambie mwenye gari kwamba akilitoboa hilo atalala hapa, na hapa hatumtaki."

Projest akatazama kando. "Mbuzi, mwambie mama nimesikia," akasema, akautupa ule waya.

Akachomoa kijiti kwenye ufagio wa uani, akachuchumaa, akaanza kuwatoa mmoja mmoja. Kazi ile haina haraka. Bawa likitoka, mguu unabaki, na mguu ukitoka, kichwa kinabaki ndani. Watu waliokuwa wakipita njiani walisimama kucheka, maana mwanamume ananyonyoa senene! Akawaacha wacheke. Vidole vikamchanika kwenye vibati, akavifuta kwenye lile shati la kanisani na kuendelea. Kisha nikamsikia akisema polepole, wala hakumwambia mtu yeyote:

"Na yeye alijaza chungu kizima."

Moyo wangu ukalegea, ingawa sikuutuma.

Deodatha akatoka jikoni na ndoo ya maji. Hakumsalimu.

"Unawasukuma ndani zaidi," akasema. "Maji yaanzie upande wa injini, yawatoe kwa mbele."

Akamimina kwa nyuma, kidogo kidogo. Mumewe akawapokea kwa mbele, akawaweka juu ya jani la mgomba. Waliendelea hivyo mpaka ukichungulia upande huu unaona mwanga wa upande wa pili.

Hapo Projest akachukua senene mmoja kwenye lile jani, mchafu vile vile, akamtia mdomoni. Akatafuna. Akachukua wa pili.

"Tema!" Deodatha akapiga kelele. "Wananuka mafuta ya gari!"

"Nilipaswa kuanza mwaka jana," akamjibu, mdomo umejaa. "Nisamehe, mama watoto wangu ambao hatujawapata bado."

Macho yake yalikuwa na machozi. Kama ni ya uchungu wa mafuta au ya nini, mimi mkwe wake nitajuaje?

Akajaza maji, akawasha. Injini ikanguruma vizuri, mvuke hakuna. Sasa hakuwa na sababu ya kuendelea kukaa uani kwetu, na sote tulilijua hilo. Akafungua mlango wa gari taratibu, akasimama pale pale.

Deodatha alikuwa akilitazama lile jani.

"Hao ni wa rejeta," akasema. "Wangu bado sijaokota."

Akaanza kuangaza macho kutafuta kikapu. Kikapu kilikuwa mkononi mwangu. Nilitoka nacho asubuhi ile nikamwokotee Kashaija, mgongo ukakataa, na hiki ndicho nilichookotea tangu nilipokuwa bibi harusi. Ningeweza kukificha nyuma ya mgomba, wala asingejua.

Nikajifunika uso kwa khanga, nikatoka, nikampa.

Akakipokea kwa mikono miwili, akamgeukia mumewe.

"Zima gari," akamwambia. "Utasubiri."

Akazima.