Kichupa cha Meza Kumi na Saba

Sokoni walimwita Bi Safi, na jina hilo lilinikera kuliko kelele za mashine ya kusaga. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee. Mboga zake, alizolima mwenyewe, hazikuwa na tope wala tundu la mdudu. Wanunuzi walipanga foleni mbele ya meza yake, namba kumi na saba, huku majirani zake wakifukuza nzi. Nyumbani nako mama alikuwa na wimbo mmoja tu: "Muige wifi yako." Mimi niliyemsomesha huyo kaka, mimi niliyerudi kutoka kwenye ndoa na begi moja nikakuta chumba changu kimeshapewa bibi harusi, eti nimuige yeye! Miaka miwili nililala sebuleni, kwenye kochi lenye mguu mbovu. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi sikupona kitu.

Nilimchukia, nasema wazi. Na ubaya ni kwamba hakuwahi kunikosea.

Kazi yangu ni kupima mabaki ya dawa za wadudu kwenye mboga. Tuna chumba kidogo kwenye geti la soko: sinki moja, dirisha moja, na rafu ya vichupa vyenye maji mekundu. Wekundu ule unatokana na dhahabu, chembe za nano, ndogo kiasi kwamba hata hadubini ya shuleni haizioni. Unatikisa jani kwenye maji, unachuja, unadondosha matone matatu kichupani, unasubiri dakika tano. Maji yakibaki mekundu, muuzaji anakwenda zake. Kama kuna sumu, chembe zinagandana na maji yanageuka buluu. Hapo mzigo unafukiwa na meza inafungwa.

Ila dhahabu hii ina ugonjwa wake, nao ni chumvi. Chumvi pia huzigandisha chembe, na buluu inayotoka ni ile ile. Ndiyo maana kabla ya kuanza kupima tuliwaita wauzaji wote tukawaambia: kama mnaosha mboga kwa maji ya chumvi ili wadudu watoke, acheni. Maji matupu yanatosha.

Wifi hakuja mkutanoni. Alikuwa kitandani, wiki ya pili tangu mimba yake ya miezi mitano itoke.

"Wifi yako utamwambia mwenyewe, eh?" bosi aliniuliza.

"Leo leo, bosi."

Jioni nilimkuta amejikongoja hadi jikoni, kanga kaikaza kiunoni, beseni la mboga mbele yake na pakiti ya chumvi pembeni. Mama ndiye aliyemfundisha kuosha hivyo.

"Mmeambiwa nini huko, wifi?"

"Yale yale. Usafi."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba wake. "Basi mimi sina wasiwasi."

"Najua," nikamjibu, nikaenda kwenye kochi langu.

Siku aliyorudi sokoni nilimpima yeye wa kwanza. Alisimama dirishani akitabasamu, kama mwanafunzi anayejua jibu. Nikadondosha matone matatu. Hata dakika mbili hazikufika. Wekundu ulififia, ukawa zambarau, ukawa buluu.

"Hiyo ni nini?" akauliza, ingawa maana ya buluu soko zima lilikuwa linaijua.

Habari ilizunguka meza zote kabla sijashusha kichupa. "Bi Safi kumbe Bi Sumu!" akapiga kelele muuza nyanya. Mwingine akadakia, "Kikulacho ki nguoni mwako, jamani! Tumelishwa na nani tena kama si yeye!" Watu wale wale wa foleni. Kicheko kilinipanda hadi kooni, nikakimeza.

Kanuni inataka marudio: jani jingine lisuuzwe vizuri, litwangwe, yapimwe maji yake ya ndani. Nikafunga mlango, nikalipa dirisha mgongo, nikafanya hivyo. Dakika tano. Kumi. Kichupa kilibaki chekundu kabisa. Kutoka nilipokaa hadi dirishani zilikuwa hatua tatu, na wifi alikuwa bado amesimama pale, anasubiri. Nikakimwaga kwenye sinki, nikafungua bomba, nikaandika: marudio, buluu. Roho yangu ikatulia kama maji mtungini.

"Habari ya chumvi ulimwambia?" bosi akauliza akisaini.

"Siku ile ile."

Nilitaka aibike tu. Nilitaka mama aone. Nilidhani atalia kwa ajili ya meza, nami ningekaa pembeni nikitazama. Lakini jioni ile alinifuata jikoni, macho makavu, akakaa kwenye kigoda miguuni pangu.

"Wifi, wewe umesoma. Sumu hiyo, mjamzito akiila inakuwaje?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Wallahi, sikuwa nimelifikiria.

"Kwa nini unauliza?"

"Nilikuwa nakula mboga zangu kila siku. Miezi yote mitano. Sijawahi kupulizia dawa, labda inatoka shamba la jirani, labda ni udongo, sijui. Naosha na chumvi kabisa, nikidhani natoa uchafu." Akanishika goti. "Ndiyo iliyomuua mwanangu?"

Mlangoni alisimama kaka. Nyuma yake mama. Neno lilikuwa moja tu, na hata yeye mwenyewe alikuwa ameshalitamka: chumvi. Ningelirudia tu. Lakini mama alikuwa ananitazama mimi, ananisubiri mimi, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili.

"Sayansi haisemi moja kwa moja," nikasema. "Lakini inawezekana."

Kaka aligeuka akatoka nje. Mama alisogea hadi kwenye kigoda. "Mjukuu wangu," alisema taratibu. "Umemlisha sumu kwa mkono wako." Wifi hakujitetea. Aliitikia kwa kichwa, mara mbili.

Wiki haikuisha, kaka akamwambia aende kwao akapumzike. Kila mtu anajua maana ya kupumzika kwa aina hiyo. Alifunga mizigo mwenyewe. Kabla ya kuondoka aling'oa mboga zote za shambani hadi mizizi, akazifukia, asije mtu mwingine akazila.

Sasa nimerudi chumbani kwangu. Kitanda ni kizuri. Mama ananiita "mwanangu" mbele ya wageni.

Jana simu ikalia, ujumbe kutoka kwa wifi: "Daktari wa huku anasema naweza kujaribu tena, nimemkatalia. Siwezi kuua wa pili. Asante wifi yangu kwa kuniambia ukweli. Mwingine angenificha."

Nikausoma mara tatu. Kisha nikamjibu: "Usijali, wifi."