Kibao cha Mgodi

Kombe la Taifa lilichezwa miaka mitatu tu, likafa. Watu husema liliuawa na fujo za fainali ya mwisho. Mimi nasema liliuawa na kibao cha shaba kilichokuwa juu ya meza ya mume wangu.

Yeye ndiye aliyechonga majina ya mabingwa. Kombe lilikabidhiwa mara tu mechi ilipoisha, kwa hiyo alichonga mapema vibao viwili, kimoja kwa kila timu, akaenda navyo uwanjani. Cha mshindi kilipigiliwa kwenye kombe. Cha aliyeshindwa kilirudi nyumbani mfukoni.

Asubuhi ya fainali ile, Sabuni wakicheza na Mgodi, kaka yangu alipita karakanani. Yeye ni Mgodi wa kufa na kupona. Mezani akaona kibao kimoja tu: Sabuni, Mabingwa.

"Shemeji, cha Mgodi kiko wapi?"

"Kipo. Umekuja kusalimia au kukagua?"

Jioni Sabuni wakashinda kwa penalti ambayo hata mpigaji aliionea haya. Kaka akapanda juu ya kiti, akatangaza kwamba bingwa alichongwa tangu asubuhi. Viti vikang'olewa, mwamuzi akatorokea dirishani.

Nilimwita kaka mchochezi mbele ya mama. Nikamwambia asikanyage kwangu, na kweli hakukanyaga, hata watoto wangu walipozaliwa. Kila nilipomwuliza mume wangu kuhusu kibao, jibu lilikuwa lile lile: kipo. Nikajifanya nimeridhika. Sikuwa nimeridhika hata siku moja.

Wiki hii kaka ameugua. Nikasema, "Baba watoto, nipe kile kibao nikamwonyeshe, tupatane kabla hatujazikana."

"Nitakitafuta."

Jana akaniletea kopo lenye vibao vitatu vya walioshindwa. Viwili vilikuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Cha Mgodi kiling'aa.

"Nimekisugua," akasema.

"Mbona hivi viwili hukuvisugua?"

Akatazama kucha zake. Zilikuwa na unga wa shaba.

Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nililia kwa hasira, na leo asubuhi nikakifunga kile kibao kwenye kitambaa, nikaenda kwa kaka.

"Nani?" akauliza kutoka kitandani.

"Ni mimi, kaka. Nimekuletea kibao cha Mgodi. Kimechongwa jana."