Rasta za Nicole Chini ya Helmeti

Nawaandikia akina mama wenye watoto wanaopanda farasi, au pikipiki, au chochote kinachotaka helmeti. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo nitasema kama ilivyokuwa.

Binti yangu Nicole ana miaka ishirini na miwili. Kila asubuhi anawakimbiza farasi kwa mazoezi kwenye uwanja wa mbio, dakika kumi kwa gari kutoka ghorofani kwetu, mtaa wa Dixon, huku ughaibuni. Uwanja una sheria zake. Farasi hakimbii kama gari la wagonjwa halijafika. Mabandani hakuna kuvuta sigara, nyasi kavu zile. Na hakuna mpanda farasi anayepita geti kabla helmeti yake haijakaguliwa. Mkaguzi ni Mzee Feroz, mzaliwa wa Tabora, anaongea Kiswahili kunizidi. Anaishika helmeti kwa mikono miwili na kuitikisa. Ikicheza, hupiti.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi tulikuwa na sendoff ya binti wa dada yangu, ya kumuaga kabla ya harusi, na Jumatano nilikuwa nimemsuka Nicole rasta nene mpaka kiunoni, kwa saa sita nzima. Mwenyewe aliomba twende kilioni, ile mistari inayolala kichwani.

"Sendoff na twende kilioni?" nikamwambia. "Unataka ukoo mzima unicheke?"

Akakaa, nikamsuka rasta.

Alhamisi hiyo asubuhi nilimpeleka kwa gari, na pale getini helmeti ilikaa juu ya rasta kama sufuria juu ya mafiga. Ilibidi alegeze mkanda wa kidevuni ndipo ufungike. Mzee Feroz akaitikisa, ikazunguka.

"Hii hapana, binti yangu. Rudi ufumue."

"Mzee Feroz," nikasema kutoka dirishani mwa gari, "nimesuka kwa saa sita. Vidole vyangu hivi hapa."

"Vidole naviona, Mama Nicole. Na helmeti naiona."

"Ni siku mbili tu. Mtoto si unamjua? Mpitishe, ni wako."

Akacheka. "Ukisema ni wangu ndiyo unanimaliza kabisa." Nyuma yake wenzake Nicole walikuwa wanasubiri zamu. Akamtazama Nicole, akanitazama mimi. "Atembee tu. Asikimbie."

Akampitisha. Kwa mgeni asingefanya vile. Alifanya kwa sababu nilimwomba kwa Kiswahili, kwa sababu tunajuana.

Na kweli hakukimbia. Farasi alikuwa anatembea, mfuko wa nailoni ukapeperuka kwenye uzio, akaruka pembeni. Nilikuwa hata sijageuza gari. Niliiona helmeti ikimtoka Nicole kabla hajafika chini.

Gari la wagonjwa lilikuwa pale pale, kama sheria inavyotaka, halikuchukua dakika. Hospitali nesi akaja na mkasi, daktari anataka kuona jeraha. Nikamwomba aniachie, nikazifumua mwenyewe zile zilizoloa damu. Nicole aliniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu. Akauliza tena. Aliuliza mara nne.

Mchana akaja mtu wa usalama wa uwanja na makaratasi yake. Mzee Feroz alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti, kofia yake mapajani.

"Nani alikagua helmeti?"

"Mimi," akasema Mzee Feroz.

"Andika na mimi," nikasema. "Yeye alimkataza. Mimi ndiye niliyemsihi."

Aliandika. Hata hivyo walimwondoa Mzee Feroz getini mwezi mzima. Badala ya kunichukia, alimtuma mkewe Zebunissa atuletee supu ya kuku.

Sendoff ilipita bila sisi. Nicole alikaa ndani wiki saba, pazia zimefungwa, mwanga unamuumiza macho. Mimi nilitaka asirudi kabisa, hata leo nataka. Lakini ni mtu mzima, na kazi yake anaipenda.

Siku ya kurudi nilimsuka twende kilioni, dakika arobaini. Getini Mzee Feroz akaishika helmeti, akaitikisa. Haikucheza. Akaitikisa tena. Akamwambia aivue, aivae upya, akapitisha kidole chini ya mkanda. Nyuma wenzake Nicole wakaanza kulalamika kwamba wanachelewa. Mzee Feroz akageuka akanitazama, kama mtu anayengoja niseme neno.

Nikapandisha kioo cha gari, nikamwacha akague.