Muhogo wa Taban

Jumanne moja asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 1987, mpiga picha Zéphyrin aliketi kwenye kigoda nyuma ya studio yake mjini Arua, akisugua muhogo kwa mswaki. Alisugua polepole, kutoka kwenye kikonyo hadi kwenye ncha, bila kuruka mkunjo hata mmoja, na maji ya beseni yakawa mekundu kwa udongo wa kijiji cha Adumi. Aliukausha kwa taulo, akaupaka mafuta kidogo, akauingiza ndani na kuulaza juu ya kitambaa cheusi karibu na dirisha.

Zéphyrin alikuwa ametoka Aru, ng'ambo ya mpaka wa Zaire, miaka miwili kabla. Kazi yake ilikuwa picha ndogo za vitambulisho, kwa sababu watu waliokuwa wakirudi kutoka ukimbizini walidaiwa karatasi nyingi. Watu hao walifumba macho kila kamera ilipolia. Siku moja, akijaribu filamu mpya, alipiga picha kiazi kikuu, na kiazi hakikufumba macho. Alipoitoa picha kwenye dawa, ilimbidi akae chini. Miaka yote alikula viazi vikuu bila kuona kwamba vina mabega, vina ndevu, na vina makovu mahali vilipokutana na jiwe vikaamua kulizunguka. Tangu siku ile hakupita sokoni bila kuinama. Alipiga picha viazi vitamu, magimbi na mihogo kwa furaha ya mtu aliyepata mchumba uzeeni.

Muhogo wa Jumanne ile ulikuwa wa Alphonsine, Mkongomani mwenzake aliyeolewa Adumi na aliyekuwa na meza sokoni. Picha ilipotoka, nyuma ya muhogo alisimama mama mzee na jembe begani. Zéphyrin alidhani ametumia filamu mara mbili, akapiga tena. Mara ya pili yule mama alikuwa amelihamishia jembe bega lingine.

Jioni Alphonsine alikuja kuchukua muhogo wake, akaitazama picha.

"Huyu ni mama mukwe," alisema. "Ni yeye alipanda. Alikufa Krismasi, mbele ya kuvuna. Minaomba bahasha, picha isikunjike."

Kufikia Ijumaa mstari ulitoka mlangoni mwa studio ukafika stendi ya malori. Wanawake wa Logiri walikuja na viazi vitamu kwenye karai, vimeoshwa na kupangwa kama mayai. Wazee walibeba viazi vikuu ndani ya makoti yao. Watu waliosubiri walikaguana mizigo, wakasifiana: hiki kimejaa, hiki kina kiuno, huu muhogo ngozi yake kama ya mtoto. Mwalimu mmoja mstaafu, Kasimiro, aliyekuwa amefundisha kilimo miaka ishirini, alikiri hadharani kwamba hajawahi kulitazama gimbi vizuri, akaazima la jirani yake mstarini ili alitazame.

Furaha ilikuwa na sababu. Mwaka 1980, askari wa serikali mpya walipoingia wakilipiza kisasi, watu walikimbilia Zaire na Sudan na walichoweza kubeba, na picha hazikuwa chakula. Nyumba zilichomwa pamoja na fremu ukutani. Sasa watu walikuwa wamerudi, na wengi walianza kusahau pua za wazazi wao. Lakini muhogo uliobaki ardhini haukuwa umekimbia popote.

Habari zilifika Koboko na dereva wa pikapu, na Rosa Kiden alizisikia sokoni akinunua chumvi. Alirudisha chumvi mezani, akamshika dereva mkono.

"Hata mutu alipotea, inatoka?" aliuliza.

"Kama alipanda, inatoka. Mimi niliona macho yangu. Babu ya jirani yangu Abiriga imetoka na baiskeli yake."

Kiden alikuwa mke wa Taban, fundi wa magari katika jeshi la serikali iliyoangushwa. Walipokimbia, mtoto wao Poni alikuwa na miezi minne. Kiden alibeba picha saba za mumewe ndani ya kitambaa cha mtoto, na katika zote saba Taban alivaa sare. Njiani waliambiwa kwamba kwenye vizuizi picha ya sare inatosha kumwua mtu. Kiden alizichoma kando ya barabara, moja moja, ili kumwokoa. Siku ya pili walisimamishwa. Taban alitolewa mstarini bila picha yoyote, kwa sababu ya viatu vyake vya jeshi, na hakurudi.

Poni sasa alikuwa na miaka saba. Alikuwa na tabia ya kumvuta mamake kanga na kumwonyesha mwanamume anayepita. "Alikuwa kama yule?" Kiden alisema hapana. "Kama yule mwingine?" Kwa siku za karibuni Kiden alikuwa akikawia kidogo kabla ya kusema hapana.

Shamba la Taban lilikuwa nje kidogo ya Koboko, chini ya mteremko, udongo mweusi usio na jiwe. Kiden aliporudi kutoka Zaire alimkuta Yugu, rafiki ya mumewe, amelima kila kitu isipokuwa pembe moja. Yugu alikuwa amerudi mapema, akaandikiwa barua yenye mhuri kwamba shamba ni lake. Alimpokea Kiden vizuri, akampa kiti na maji. Kiden na mtoto walipata mahali kando ya barabara, kipande chenye changarawe, na huko wakajenga.

Siku ile Kiden alikwenda shambani mbio. Yugu alikuwa akipalilia.

"Ndugu, mihogo ya Taban iko bado?"

"Iko ile pembeni. Miaka saba sasa, imekuwa miti. Haikuliki."

"Mimi sitaki kula. Nataka moja, ya picha."

Yugu alimpa jembe, kisha akaja kusaidia mwenyewe. Walichimba mpaka jua likafika kichwani. Muhogo ulitoka mnene kama paja la mtu mzima, mrefu kuliko Poni, na Yugu, ambaye alipenda kazi nzuri, aliupiga makofi ya mgongoni.

"Kamata, Mama Poni," alisema. "Muhogo iko ya Mungu. Shamba ndiyo iko yangu."

Kesho yake muhogo ulisafiri kwenda Arua kwenye pikapu, umelazwa juu ya magunia, Poni ameuegemezea mkono usidunde. Mstarini watu walimpisha Kiden bila kuombwa, kwa ukubwa wa mzigo wake. Zéphyrin alipouona alivua kofia. Aliusugua saa nzima. Alivuta kitambaa cheusi, akaongeza shuka, na hata hivyo ncha ilitokeza.

"Mama, huu si muhogo wa kuharakisha," alisema. "Angalia hapa, ulipinda. Mwaka ule mvua ilikuwa kidogo. Hapa ukanenepa tena. Yote yameandikwa humu."

Kiden hakusikia. Alikuwa akiutazama mlango wa chumba cheusi cha kusafishia picha. Picha ilipoletwa bado inadondosha maji, aliishika kwenye pembe kama alivyoambiwa.

Taban alisimama nyuma ya muhogo na shati la mistari, suruali imekunjwa mpaka magotini, udongo mpaka kwenye viwiko. Mdomo wake ulikuwa nusu wazi. Kiden aliikumbuka siku hiyo: Jumapili, alimletea maji, na Taban alikuwa akilalamika kwamba maji ni ya moto. Kiden alicheka mpaka akashika ukuta. Picha saba zilikuwa za askari. Hii ilikuwa ya mumewe.

Poni alisimama kwenye ncha za vidole akatazama muda mrefu.

"Masikio yangu alikuwa nayo yeye," alisema, na kuanzia hapo hakuuliza tena juu ya wanaume wanaopita.

Waliporudi Koboko, watu walijaa nyumbani mpaka uani. Picha ilizungushwa mkono kwa mkono, na kila aliyemjua Taban alisema jambo moja juu yake, ambalo wengine walilipinga kwa furaha. Ni jirani yao, Mzee Sule, aliyesema kwamba picha ile si ya kucheka tu. Ilionyesha Taban, ilionyesha shamba, ilionyesha mikono. Ipelekwe barazani, shamba lirudi.

Baraza lilikaa Jumatano. Kiden alisimama, akaweka picha mezani. Karani aliitazama mbele na nyuma, akampa Yugu.

"Ndiyo, huyu Taban," Yugu alisema. "Hii shati najua. Tulinunua pamoja Ariwara."

"Na shamba?" karani aliuliza.

"Shamba ni hii hii."

"Basi alipanda yeye."

"Alipanda yeye. Na mimi nilichukua. Yote iko kweli."

Karani alieleza kwa upole kwamba hakuna anayebishana na marehemu. Shida ni kwamba barua ya Yugu ilikuwa na mhuri na picha haikuwa nao. Mzee Sule alipendekeza picha igongwe mhuri. Karani alifikiri, akasema mhuri hugongwa mbele ya mtu anayehusika, akijibu jina lake. Wote waliitazama picha. Taban aliendelea na mdomo wake nusu wazi, lakini hakujibu. Baraza likafungwa, na Yugu alimsindikiza Kiden mpaka barabarani, akimbebea mwavuli.

Mwaka ule Yugu alilima ile pembe iliyobaki. Muhogo haupandwi kwa mbegu. Hukatwa shina, likachomekwa, na shina lile ni mti ule ule. Yugu alichomeka mashina ya Taban shamba zima, na Kiden alipoomba alimpa mzigo mzima wa kwake. Kiden aliyapanda kwenye changarawe, akaokota mawe kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni.

Mavuno yalipofika, Yugu alivaa koti, akapeleka Arua muhogo wake bora kuliko yote. Alitaka picha yake mwenyewe nyuma ya kazi yake, ya kuweka sebuleni. Zéphyrin aliusifu sana muhogo ule, na ulistahili. Picha ilipotoka, alikuwa Taban.

"Mimi nilipanda, kwa mikono hii," Yugu alisema.

"Naona, mzee. Ila mti ni ule ule."

Yugu alilipa, akaiweka sebuleni hivyo hivyo, kwa sababu muhogo ulikuwa umetoka vizuri.

Kiden naye alipeleka wa kwake, mwembamba, wenye vifundo. Taban alitoka, mwaka mmoja zaidi usoni, lakini amekonda, mifupa ya shingo inaonekana, kola imelegea. Kiden hakulala vizuri wiki ile. Msimu uliofuata alikwenda kwenye meza ya mke wa Yugu sokoni Koboko, akachagua muhogo mnene kuliko yote, akaupeleka Arua. Taban alitoka na mashavu. Alitoka na tumbo dogo la mtu anayekula na kupumzika. Kiden alifurahi, akanunua fremu.

Ikawa desturi. Kila mwaka aliununua muhogo wa shamba la mumewe sokoni, akapanda pikapu, na Taban alitoka ameongeza mwaka. Mwaka 1990 alikuwa na mvi mbili. Mwaka 1991 alikuwa amevaa miwani, na Kiden alisema afadhali, maana macho yalimsumbua tangu zamani. Wanawake wenzake, ambao waume zao walizeeka nyumbani, walikuja kulinganisha. Walipanga picha mezani, wakabishana nani anazeeka vizuri, na Taban alishinda mara kwa mara.

Mwaka 1994 Poni alikuwa na miaka kumi na minne, na alikwenda na mamake Arua. Walibeba mihogo miwili. Mmoja ulikuwa mnene, wa mezani kwa Yugu. Mwingine Poni alikuwa ameuchimba mwenyewe asubuhi ile nyumbani, kwenye changarawe, na alikuwa ameusugua kwa mswaki kabla ya kuondoka.

"Anza na huu," alimwambia Zéphyrin.

Zéphyrin, ambaye sasa alipenda mihogo yenye taabu kuliko yote, aliuzungusha kwenye mwanga, akaonyesha kila mahali ulipokutana na jiwe. Akapiga. Saa tisa picha ilikuwa tayari. Taban alisimama amekonda, amekunja mikono ya shati, miwani imeshuka puani. Mkono mmoja ulishika kiuno. Mwingine ulishika jiwe, kama mtu aliyelitoa ardhini sasa hivi na anatafuta mahali pa kulitupa.

Kiden aliitazama, akafungua kikapu. "Piga na hii ingine, fundi. Hii ndiyo inatoka mzuri."

"Mama, hapana," Poni alisema. "Yule mnene anakaa kwa Yugu. Huyu anakaa kwetu. Anaokota mawe na sisi."

Kiden alifunga kikapu. Kisha alicheka kama alivyocheka mara ya kwanza, akashika ukuta, akaomba picha ile ichapwe mbili, moja kubwa. Njiani kurudi waliishika kwa zamu, na abiria wa pikapu walidai kuiona, wakamsifu baba kwa kazi.

Ile kubwa waliitundika mkabala na mlango. Yugu alipita siku hiyo hiyo na lori la mavuno, akasimama kuwasalimu, akasema kweli, Taban anafanya kazi, akaendelea. Barua yake ilikuwa bado na mhuri.

Muhogo mnene ulibaki kikapuni. Poni aliumenya, Kiden akauchemsha kwa chumvi, wakala wakiwa wamekaa chini ya picha. Ulikuwa laini na mtamu, kwa sababu shamba lile lilikuwa na udongo mzuri tangu zamani.